Mchezaji mmoja anatosha: kuwinda kunguru kwa ndege wa bandia anayetikisika

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu kuwinda kunguru ni la mota inayotikisa mabawa ya ndege wa bandia. Ya volti 6 au 12? Yenye rimoti au isiyo nayo? Mabawa yazunguke au yapige juu na chini? Ni nadra mtu kuniuliza yule ndege wa bandia akae upande gani wa upepo, na nadra zaidi kuniuliza azimwe lini. Ndiyo sababu mashine nyingi za aina hii huishia juu ya kabati, na mwenyewe anakwambia kunguru wa kwao ni wajanja, wameshaizoea.

Mimi sidhani waliizoea. Waliachiwa waitazame kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa.

Nawinda kwenye mashamba ya nafaka, na sababu yangu haina ushairi wowote: mahindi yakitoa jani la kwanza, kunguru hushuka, wakafuata mstari, wakang'oa mche mmoja baada ya mwingine ili waipate punje iliyo chini. Nimejaribu karibu kila kitu kinachotikisika, kuanzia mfuko mweusi juu ya kijiti hadi mashine ya rimoti. Nilichojifunza ni kwamba mchezaji (ndivyo ninavyomwita yule wa bandia anayetikisika) hayupo pale ili kunguru aamini kwamba amemwona nduguye. Yupo ili kunguru awe na pa kutazama. Maana kunguru anaposhuka shambani hutafuta kitu kimoja kabla ya chakula, nacho ni wewe.

Wahenga walishamsoma: kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Haji moja kwa moja. Hupita juu kwanza, anageuza kichwa huku na huku, jicho hili kwenye miti, jicho lile kwenye nyasi. Uso wa binadamu ukiinuliwa kumtazama unang'aa kama sahani, hata kama umevaa nguo za madoadoa kuanzia shingoni hadi miguuni. Na akishakuona hakusahau haraka. John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walivaa kinyago cha mpira walipokuwa wakinasa kunguru na kuwavisha pete mwaka 2006. Baada ya hapo, kila aliyepita pale amevaa kinyago hicho alizomewa, hata na kunguru ambao hawakuwa wamenaswa, na mambo hayo yakaendelea kwa miaka. Aliyevaa kinyago tofauti alipita bila kelele kubwa. Basi mtu anayeniambia atapata kunguru kwa mashine nzuri huku ameketi wazi bila kitambaa usoni, namwacha aendelee.

Kwa hiyo maficho kwanza. Kivuli nyuma yako, majani mbele yako, glavu mikononi, kofia yenye ukingo. Hayo yakishakuwa sawa ndipo tunaweza kuzungumza habari za mchezaji.

Wa kwanza, na ambaye sijamwacha hadi leo, ni wa kuvuta kwa kamba. Ni ndege wa plastiki aliyesimama juu ya waya, mabawa ya kitambaa cheusi yenye bawaba, na mshipi mwembamba wa kuvulia samaki unaotambaa chini hadi mguuni pako. Ukivuta, mabawa yanafunguka, ukiachia, yanakunjika. Hana betri, hana mlio, na hatikisiki ila pale unapotaka wewe. Ubaya wake ni kwamba kunguru aliye mbali hamwoni, na nyasi zikiwa na umande mshipi unanasa kila mahali. Naupitisha kwenye vigingi viwili vyenye pete ili usiguse majani. Kuvuta navuta kwa mguu, mikono inabaki kwenye bunduki.

Wa pili ni wa fimbo. Ndege mzima anakaa juu ya fimbo nyembamba inayopinda, au juu ya springi, na upepo unafanya kazi yote. Anainama, anainuka, anayumba kidogo kana kwamba anadonoa. Nampenda kwa sababu mwendo wake hauna mpangilio. Siku isiyo na upepo ni gogo tu, lakini kunguru kadhaa wa bandia waliotulia wanahitajika hata hivyo, kwa hiyo hapotezi nafasi.

Wa tatu ndiye huyo wa mabawa ya mota, anayeulizwa na kila mtu. Nguvu yake ni umbali. Bawa jeusi linalogeukageuka juu ya shamba lililokaa kimya linaonekana na kunguru anayepita mbali kabisa, ambaye asingegeuza kichwa kwa ajili ya plastiki kumi zilizosimama tuli. Hapo hana mshindani. Tatizo ni kwamba watu wengi wakishamwasha hawamzimi tena mpaka wakati wa kurudi nyumbani.

Hebu mtazame kunguru halisi. Akiruka kwa mwendo wake wa kawaida hupiga mabawa takriban mara nne au tano kwa sekunde. Mabawa ya mota huzunguka kwa kasi zaidi, na sisi tunaona kivuli kinachotetemeka tu. Ndege wengi hutofautisha mimweko ya haraka ambayo macho yetu huichanganya, kwa hiyo kile ambacho kwetu ni ukungu mweusi, kwake huenda ni kipande cha plastiki kinachopinduka. Zaidi ya hayo, kunguru akiwa karibu kabisa na ardhi hupiga mabawa kwa nguvu kwa muda mfupi mno: anapotua na anapoondoka. Akishatua anayakunja, anayapanga vizuri mgongoni, anaanza kutembea. Yule wako anayepiga mabawa nusu saa nzima mahali pamoja, je, anatua au anaondoka? Kunguru aliye juu anajiuliza hivyohivyo, na akikosa jibu anapanda juu zaidi.

Ndiyo maana nasema rimoti ina faida kuliko mota kubwa. Kunguru akiwa mbali, mwashe. Anachokiona ni bawa linalopiga juu ya shamba: kuna mwenzake anatua, kwa hiyo pana chakula. Anageuka. Akifika kama mita 150, mzime. Sasa yule aliyekuwa anatua ametua. Chini pana kundi limetulia, linakula, na hakuna jambo la ajabu la kuchunguza. Ukiendelea kumzungusha baada ya hapo unampa mgeni wako muda wa kuikagua mashine, na kwa ukaguzi huo hatuna jibu.

Kisha huja ule mzunguko wa mwisho, karibu mita 50 au 60, anapoacha kutazama kundi na kuanza kupekua kingo za shamba. Hapo ndipo wawindaji wengi huonekana, kwa sababu ndipo wanapoanza kuinua bunduki. Hapo mimi huvuta kamba mara moja. Mara moja tu. Bawa linafunguka na kufunga, jicho la kunguru linakwenda kule, nami nainua bunduki katika nafasi hiyo. Ukimtazama vizuri utaona kichwa chake kinageuka. Hii ndiyo kazi ya pili ya mchezaji, na kwangu mimi ni kubwa kuliko ile ya kwanza.

Kuna na ile mashine ya mikono miwili mirefu, inayozungusha ndege wawili hewani kwa mota ya volti 12. Wapiga njiwa wa Uingereza wanaitegemea sana, na kwa njiwa nakubali. Kwa kunguru siipendi. Ndege yuleyule akipita mahali palepale, kwa kasi ileile, kunguru anayezunguka juu anahitaji mizunguko michache tu kugundua kuna kasoro. Mwenzangu ninayewinda naye hakubaliani nami hata kidogo. Yeye ameifungia kifaa cha kuwasha na kuzima kwa vipindi visivyolingana, na siku za upepo kweli anapata. Tumeshabishana kuhusu jambo hili mpaka chai ikapoa, na tutabishana tena.

Rangi nayo ina maneno. Plastiki mpya hung'aa, na bawa linalong'aa likizunguka juani hurusha mwanga mweupe kila linapogeuka. Manyoya ya kunguru nayo yana mng'ao, lakini ni wa buluu na zambarau, unateleza juu ya mgongo anapotembea. Haufanani na kioo. Nayapuliza mabawa rangi nyeusi isiyong'aa kabla ya kuyatumia hata mara moja. Miili ya ndege waliotulia nawapendelea waliofunikwa manyoya mafupi laini, wale ambao ukiwashika unahisi kitambaa. Alfajiri napita na tambara kuwafuta umande, maana matone ya maji mgongoni hung'aa kuliko plastiki yenyewe.

Mpangilio sasa. Ndege hutua akielekea upepo unakotoka. Kwa hiyo mimi hukaa upepo ukinipiga mgongoni, kundi la bandia liko mbele yangu kati ya mita 20 na 30, na kunguru wanakuja wakinielekea. Waliotulia wanatosha wanane hadi kumi na wawili, wametawanyika bila mstari, kila mmoja na nafasi yake. Katikati naacha uwazi wa kutua. Mchezaji wa mota simweki katikati ya uwazi huo, bali kwenye ukingo wake na pembeni kidogo ya mahali nilipojificha, ili anayemtazama asiwe ananitazama na mimi. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaoanza ni kumsimika mbele ya maficho kabisa, wakidhani wanasogeza shabaha karibu. Wanachosogeza ni macho ya kunguru, moja kwa moja usoni kwao.

Usisahau mlinzi. Kundi la kunguru likila, mara nyingi mmoja wao hukaa juu ya mti au nguzo akiangalia huku na huku. Naweka wa bandia mmoja juu ya fimbo ndefu au tawi lililokauka, ametulia kabisa. Mlinzi hachezi. Nimeona mtu amemfunga mchezaji wa mota juu ya mti akipiga mabawa kama mwendawazimu, na kunguru wakapita juu sana wakipiga kelele. Mlinzi akianza kupiga mabawa, maana yake ni moja: tuondokeni.

Hayo yote ni kwa ajili ya hadithi ya chakula. Kuna hadithi nyingine, ya ugomvi, na humo kanuni ya kuzima hubadilika. Kunguru na bundi wana uadui wa zamani. Huko Amerika Kaskazini bundi mkubwa mwenye pembe huwashika kunguru usiku wakiwa wamelala, na mchana wakimgundua alikojificha wanamzonga, wanapiga kelele, wanaitana kutoka kila upande. Wawindaji wa Ujerumani na nchi za jirani waliijua tabia hii zamani: walimfunga bundi mkubwa aliye hai juu ya kigogo, mbele ya kibanda kilichochimbwa nusu ndani ya ardhi, wakangoja. Leo bundi wa plastiki anafanya kazi hiyo bila kumtesa ndege yeyote.

Bundi akae juu na mahali peupe, si ndani ya majani. Karibu naye kunguru wa bandia wawili watatu, na mchezaji wa mota pembeni yake. Hapa mwashe na umwache awake. Kunguru anayemzonga bundi kweli hupiga mabawa bila kupumzika, huruka, hushuka, huinuka tena, na wanaokuja wamejaa hasira, hawana muda wa kukagua. Ukiwa na bundi mwenye kichwa kinachogeuka, ni bora zaidi. Filimbi ya kuigiza sauti ya kunguru nayo inabadilika: badala ya mlio mmojammoja wa kundi linalokula, ni milio mikali, mifupi, inayofuatana. Ugomvi haudumu. Dakika 15 au 20, kisha wote waliokuwa karibu wameshakuja au wameshajua. Funga, hamia sehemu nyingine.

Kuchanganya hadithi hizi mbili ndiko kunakoharibu siku. Bundi katikati ya kundi linalodonoa punje kwa amani, au filimbi ya vita juu ya shamba tulivu, kunguru hawezi kuielewa picha hiyo na hataki kuielewa.

Kuna picha ya tatu ambayo mtu huitengeneza bila kukusudia: kunguru anayekufa. Kigingi cha mchezaji kikilegea, upepo unamlaza ubavu, mabawa yanaendelea kupiga ardhi. Ukiwa umekaa ndani ya maficho unaona bado anacheza. Anayetazama kutoka juu anaona mwenzake amejeruhiwa. Hali kadhalika ndege uliyempiga akalala chali mabawa wazi katikati ya wa bandia. Mwaka 2015, mtafiti Kaeli Swift akiwa na Marzluff walionyesha kwamba kunguru wakimwona mtu ameshika kunguru aliyekufa karibu na mahali wanapokula, humzomea, na baadaye husitasita kurudi mahali pale. Kwa hiyo natoka kuwaokota waliokufa mara anga inapokuwa tupu, nawakunja mabawa, nawaweka chini ya turubai. Aliyejeruhiwa simngojei anga tupu. Natoka hapohapo, namaliza, hata kama kundi zima linakuja. Pigo la karibu ndilo dawa ya hilo: marisau namba 6, mita 30 au pungufu, na mchezaji aliyewekwa vizuri ndiye anayewaleta umbali huo.

La usalama nitalitaja mara moja. Kunguru mwenye hasira hushuka chini sana kumwendea mchezaji, na macho yako yanamfuata. Kama mwenzako amejificha upande wa pili wa shamba, mtutu wako sasa unamwelekea yeye. Sisi hukaa upande mmoja sikuzote, na hatupigi ndege aliye chini ya kimo cha mtu aliyesimama.

Sheria zinatofautiana mno, na si kila mahali panaporuhusiwa kuwinda kunguru. Marekani iliwaingiza kunguru kwenye ulinzi wa ndege wanaohama mwaka 1972, baada ya mkataba wake na Meksiko kufanyiwa marekebisho. Kanuni za shirikisho huyapa majimbo msimu usiozidi siku 124 kwa mwaka, na hazikubali msimu huo uangukie kilele cha kutaga na kulea. Baadhi ya majimbo hutawanya siku hizo kwa kuruhusu siku chache tu za kila wiki. Uingereza ina utaratibu mwingine kabisa wa leseni za jumla zenye masharti yake, na sheria yake ya mwaka 1981 inakataza kumtumia ndege hai aliyefungwa kuwa chambo, pamoja na sauti zilizorekodiwa. Kwa hiyo kifaa cha sauti kinachouzwa pamoja na mchezaji kinaweza kuwa halali upande mmoja wa bahari na kosa upande mwingine. Soma ya kwako kabla ya kununua chochote.

Hali ya hewa inaamua nani aamke siku hiyo. Upepo mkali: mota inabaki ndani ya mfuko, fimbo zinacheza zenyewe, na mabawa ya kuzunguka yangeng'oka kwenye sumaku zinazoyashikilia hata hivyo. Upepo mdogo: vyote. Utulivu kabisa: hiyo ndiyo siku ya rimoti na kamba, na ndiyo siku mlio wa mota unasikika, kwa hiyo nayakaza maungio na kuweka kipande cha mpira chini ya kiungo kinachogonga. Baridi kali hudhoofisha betri, nayo mota iliyochoka huzungusha mabawa polepole kwa namna isiyofanana na kiumbe yeyote. Ikifika hapo izime, usiioneshe aibu yake.

Ukungu ni jambo la pekee. Asubuhi moja tulikaa hatuoni mwisho wa shamba. Mwenzangu akataka kuwasha mashine tangu mwanzo, nikamwambia amwite nani? Kunguru walikuwa wakija kwa kusikia, wanatokeza ghafla umbali wa mita 40, wakiwa tayari chini. Hapo hakukuwa na wa mbali wa kuvuta. Kamba peke yake ilitosha, mvuto mmoja kila mara walipotokeza. Saa tatu ukungu ukainuka, akawasha, na wa kwanza aliyepita juu akageuka kutoka upande wa pili wa bonde. Alinitazama kana kwamba ameshinda ule mjadala wa mikono miwili, ambao haukuhusika kabisa.

Shamba moja silirudii siku zinazofuatana, na nikirudi nabadilisha ukingo, nabadilisha mahali pa mchezaji, wakati mwingine namwacha nyumbani kabisa. Kundi linalokaa eneo moja mwaka mzima hujifunza haraka kuliko makundi yanayopita msimu wa baridi.

Kufungasha nako kuna utaratibu wake. Kama kuna kunguru amekaa mahali anatazama, sitoki. Akikuona unainuka kutoka kichakani, unamshika mwenzake wa plastiki miguu na kumtia mfukoni, umemfundisha somo zima kwa bure. Nangoja aondoke, nazima, naokota maganda ya risasi, nakusanya waliokufa, ndipo naanza kung'oa vigingi. Mabawa ya mota nayavua kabla ya kumlaza. Betri naitoa kabisa, kwa sababu rimoti ikibanwa na viatu ndani ya begi, mota inajiwasha na pini ya mhimili inakatika, na pini hizo hazipatikani kirahisi.